Wa Getini, wa Tangini, wa Jikoni

Wiki ya kwanza tuliyohamia nyumba ya baba, maji machafu yalipanda kupitia shimo la bafuni yakamwagika hadi koridoni. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Watoto wangu wawili walikuwa wameshavaa sare, na mimi nilikuwa na kipindi cha kwanza cha Kiswahili upande wa pili wa mji. Nilipanda juu ya stuli, viatu mkononi, nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya watoto.

Fundi wa mabomba alifika karibu saa sita. Alikuwa mtu wa Busia, mrefu na mpole, aliyechimba huku akivumisha wimbo wa kanisani puani. Alilifuata bomba kutoka bafuni, hatua kwa hatua, mpaka akafika chini ya mti ulio karibu na tangi la maji. Hapo akaniita. Bomba lilikuwa limepasuka, na ndani yake mizizi myembamba ilikuwa imejazana kama nywele kwenye kitana.

"Madam, shida yako ni huyu," alisema, akaugonga mti kwa mpini wa jembe. "Ni mti gani hii?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Baba ndiye aliyepanda. Hakutuambia."

Akanitazama, kisha akautazama mti kutoka chini hadi juu. "Sasa unaishi aje na mtu hujui jina yake?"

Nilimwambia aniunganishie bomba, mambo ya majina tuyaache. Akaunganisha, akanionya kwamba mizizi itarudi. "Ukate ama uhamishe bomba," alisema. "Hapo katikati hakuna kitu."

Nyumba hiyo iko Muthangari. Baba aliinunua akiwa karani serikalini, zamani kabla magorofa hayajaanza kuota eneo lile. Mama alimtangulia kufariki, na baba alipomfuata tulikuta ametuachia nyumba sisi wawili, mimi na dada yangu mdogo. Dada alikuwa ameolewa Kitisuru, kwenye nyumba yenye bustani kubwa na mtu wa kuitunza. Mimi nilikuwa nimepanga vyumba viwili vya uani huko Woodley kwa miaka kumi na mmoja, na watoto wanakua kila siku. Hakukuwa na haja ya mjadala. Tulipotoka kwa wakili, dada alinishika mkono akasema, "Kaa wewe, mimi nina kwangu. Lakini miti ya baba usiguse."

Wakati ule nilikubali haraka. Nilikuwa nawaza juu ya chumba cha watoto. Miti sikuiwaza hata kidogo.

Ilikuwa mitatu. Baba aliipanda nikiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo haikuwahi kuwa na jina nyumbani kwetu ila mahali iliposimama: wa getini, wa tangini, wa jikoni. "Mpira umekwama kwa wa jikoni," tungesema. "Anika blanketi kwa wa getini." Tulipomuuliza baba ni miti gani, alitujibu bila kuinua macho kwenye gazeti, "Ni mti." Tukiuliza tena, alituuliza kama tumemaliza kazi ya shule. Mwishowe tukaacha kuuliza. Tuliamini kuna jambo anatuficha, na baba alikuwa mtu ambaye ungeweza kuamini hivyo juu yake.

Wa getini haukuwa na ubaya. Ulikuwa mwembamba, wa gome jeupe, na ndege waliupenda. Wa tangini ulikuwa mkubwa kupita yote, na kivuli chake kilifika hadi dirisha la sebule. Huo ndio ulioziba bomba, na pia ulidondosha kitu kama asali iliyochacha juu ya kila nguo niliyoanika. Majani yake yalianguka mwaka mzima bila msimu. Ningefagia saa kumi na mbili asubuhi, nikirudi kazini jioni ua uko vilevile, kana kwamba nilikuwa nimeota kwamba nilifagia.

Lakini wa jikoni ndio ulionitia hofu. Majani yake yalikuwa na vinyweleo laini, na upepo wa kiangazi ulipovuma vilipeperuka vikaingia dirishani. Nilijikuna mikono kila nikipika. Kisha Jumamosi moja mwanangu wa miaka minane akaukwea kufuata mpira. Kufikia jioni uso wake ulikuwa umefura mpaka macho yakafumba. Nilimpeleka kliniki nikikimbia. Daktari alimchoma sindano, kisha akauliza mtoto ameguswa na mti gani.

"Sijui," nikasema.

"Uko wapi huo mti?"

"Kwangu. Nje ya jikoni."

Akaandika kwenye kadi: mmea usiojulikana. Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimembeba mwanangu begani, nikaona haya kama mzazi aliyeulizwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake akaisahau.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta. Nilijiambia kwamba nikishajua ni miti gani nitajua la kufanya. Kama ni miti ya sumu, nitaikata na dada hatakuwa na la kusema. Kama ni ya thamani, nitavumilia. Nilikata kitawi kutoka kwa kila mmoja, nikavifunga kwenye gazeti, nikaenda navyo kwa wauza miche wa Ngong Road.

Wa kwanza hakuchukua hata dakika. "Hii ni ya Australia. Nilikuwa nazo nyingi, zikaisha."

Wa pili, hatua ishirini mbele, alicheka. "Australia wapi! Hii ni ya India. Wahindi hutoa dawa ya meno hapa."

Wa tatu aliyasukuma majani yangu kando. "Mama, achana na hizo. Niko na zingine safi kuliko hizo."

Walitofautiana wote watatu, na wote watatu walikuwa na uhakika. Nilirudi nyumbani na mche wa parachichi ambao sikuwa nimeutaka.

Nikamwita baba mdogo, ndugu ya baba, ambaye amelima maisha yake yote upande wa Limuru. Alikuja na bakora yake na kisu kidogo cha mfukoni. Alizunguka kila mti, akanusa jani, akakwaruza gome, akaonja utomvu na kutema.

"Mami," aliniita, kama alivyoniita tangu utotoni, "miti ya kwetu naijua kama ninavyojua ng'ombe zangu. Hii si ya kwetu."

"Kwa hivyo niikate?"

"Sijasema hivyo."

"Niiache?"

"Hata hivyo sijasema."

Akanywa chai vikombe viwili, akasifu mandazi, akaenda zake.

Wakati huo nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mti mkubwa haukatwi mjini bila kibali. Niliomba ruhusa shuleni nikaenda ofisi inayohusika, katikati ya mji, ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Karani alikuwa kijana wa sweta la kijivu. Alinipa fomu nikaijaza kwa mwandiko wangu wa ubaoni, akaipitia kwa kalamu mpaka akasimama mahali fulani.

"Hapa hujajaza. Jina la mti."

"Silijui."

"Sasa unaomba kibali ya kukata nini?"

"Ya kukata mti. Uko nje ya jikoni yangu. Unamdhuru mtoto."

"Naelewa, madam. Lakini fomu inataka jina."

"Nani hapa anaweza kuja kuuangalia aniambie jina?"

"Hapa hatutambui miti. Hapa tunatoa kibali." Akanirudishia fomu, kwa adabu kabisa. "Ukipata jina, rudi."

Niliteremka zile ngazi kwa hasira. Nilisimama barabarani nisijue kama nielekee kulia au kushoto, watu wakinipita, wengine wakinigonga bega. Mimi kazi yangu ni maneno. Kila siku nawaambia wanafunzi kwamba kitu chochote kina jina lake katika lugha, kazi yenu ni kulitafuta. Na hapo nilikuwa na fomu mkononi yenye pengo la jina moja, nisiweze kulijaza.

Mwalimu mwenzangu wa biolojia ndiye aliyenielekeza kwa mtaalamu wa mimea, mama mmoja aliyenizidi umri, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Chumba chake kilijaa makabati ya majani makavu. Aliyatandaza matawi yangu mezani, akayachunguza kwa lenzi muda mrefu, jani juu, jani chini. Ndiye mtu wa kwanza katika safari ile yote aliyeniambia hajui.

"Naweza kukuambia ukoo wao," alisema. "Jina, hapana. Majani peke yake hudanganya. Niletee ua, ama tunda."

"Haijawahi kutoa maua."

"Ina miaka mingapi?"

"Zaidi ya ishirini."

Akavua miwani. "Haijawahi kabisa?"

"Mimi sijaona."

"Labda kwao ni kwenye joto. Hapa baridi imeikataza." Akaligusa tawi la wa tangini kwa ncha ya kidole. "Huu, kwa mfano. Unaweza kuwa mmoja kati ya ndugu wawili. Mmoja ni adimu sana, huko kwao karibu umekwisha. Mwingine uko kila mahali na mizizi yake hupasua nyumba."

"Na nitajuaje ni yupi?"

"Ua," akasema. "Hata moja, hata lililokauka. Subiri."

"Nisubiri mpaka lini?"

Akayafunga matawi yangu kwenye gazeti, akanirudishia.

Basi nikasubiri. Nilianza kuamka na kutazama juu. Kila asubuhi, fagio mkononi, shingo imeinuka, nikitafuta ua. Shingo ilianza kuniuma. Nilimlipa jirani mwenye ngazi ndefu apande aangalie kileleni, akashuka na kiota kitupu. Na muda huo wote mfereji wa paa uliziba mara tatu, bomba likaanza kunuka tena, na mwanangu akakatazwa kucheza nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Dada alikuja Jumapili baada ya kanisa, kama alivyozoea. Alikuja na chupa ya chai, keki, na kiti chake cha kukunja, akakifungua chini ya wa tangini. Akavua viatu, akaegemea, akafumba macho.

"Hapa kuna hewa, jamani," alisema. "Kule kwetu hakuna kivuli kama hiki."

Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri. Nilikwenda nikamwekea fagio mapajani.

"Hii ni nini?"

"Hewa," nikasema. "Ifagie."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alisimama akafagia, kwa ukaidi, na gauni lake la kanisani, kama dakika kumi. Kisha akaliegemeza fagio kwenye mti na kunionyesha lengelenge kiganjani.

"Nimefagia. Umefurahi?"

"Fanya hivyo kila siku kwa mwaka mmoja, halafu uniambie nisiguse."

"Unajua kitu?" alisema. "Wewe huna shida na miti. Una hasira na baba."

"Ndiyo, nina hasira na yeye! Ameniachia vitu vitatu bila hata neno moja."

"Alikuachia nyumba."

"Nyumba alituachia sote. Mimi peke yangu aliniachia fagio."

Akavaa viatu. Akabeba chupa ya chai, akawaita watoto wangu akawabusu, akaenda kwenye gari. Kiti alikiacha pale chini ya mti. Usiku ule mvua ilinyesha, nilikiona kutoka dirishani kikilowa, na sikutoka kukichukua.

Wiki kadhaa zilipita bila sisi kupigiana simu. Nikakumbuka mzee mmoja aliyesimama kwenye mazishi ya baba akasema walikaa meza moja ofisini miaka kumi na tisa. Binti yake alinielekeza: kila siku ya kazi mzee hunywa chai katika hoteli moja ya ghorofani, karibu na River Road, kana kwamba bado hajastaafu. Nilimkuta amevaa tai. Nilijitambulisha, nikamwagizia chai na chapati, na kwa kuwa nilishazoea kutembea na gazeti lile, nikalifungua nikamwonyesha majani.

Mzee aliyatazama, kisha akaanza kucheka, mpaka akalazimika kuweka kikombe chini.

"Hizo! Bado ziko?"

"Unaijua?"

"Siijui. Lakini nakumbuka siku ile." Akajipangusa midomo. "Ilikuwa siku ya kupanda miti. Lori likaleta miche ofisini, kila mfanyakazi achukue apande kwake. Ile yenye vibandiko vya majina ikaisha mara moja. Watu walitaka jakaranda, walitaka matunda. Ikabaki mikebe mitatu juu ya meza. Haina kibandiko, mche mmoja umepinda hivi. Mkubwa akasema itupwe. Baba yako akasema, hapana, mimi nitaichukua. Akapanda nayo basi, mkebe mmoja mapajani, miwili katikati ya miguu."

"Na alijua ni miti gani?"

"Angejuaje, msichana wangu? Hakuna aliyejua. Kesho yake tukamuuliza, bwana karani, umepanda nini? Akatujibu, 'Nimepanda mti.' Tulimcheka karibu mwezi mzima. Kila akipita, mtu anamwita: Nimepanda Mti! Naye unajua baba yako hakupenda kuchekwa."

Chai yangu ilishika utando juu. Zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeamini kwamba baba alikuwa na jambo la moyoni, labda mtu aliyempa miche ile, labda mahali. Nilikuwa hata nimeanza kumwonea wivu huyo mtu. Kumbe hakukuwa na kitu. Alikuwa hajui tu, na aliona haya kutuambia watoto wake kwamba hajui.

Nilifikiri hasira itanitoka. Haikunitoka, iliongezeka. "Sijui" ni neno moja. Lingemgharimu nini? Lakini njiani nikielekea stendi nilikumbuka mwanafunzi mmoja aliyeniuliza maana ya neno fulani la kale, nami nikamjibu kwa sauti kavu kwamba tutalishughulikia wiki ijayo, nikiomba asikumbuke. Hakukumbuka. Nilihisi uso ukipata moto pale barabarani, peke yangu.

Jioni hiyo nilimpigia dada nikamsimulia yote. Alicheka kicheko kirefu ambacho mwishoni hakikuwa kicheko tena.

"Baba na kiburi chake," alisema.

"Sikiliza. Wa jikoni nitaukata. Wa tangini nitahamisha bomba, ubaki. Wa getini hauna makosa."

"Nani ameamua?"

"Mimi. Wa jikoni unamuumiza mtoto. Hata ungekuwa na jina la malaika ningeukata."

"Na kama ndio huo wa maana? Kama umekwisha kote na umebaki huo tu?"

"Basi nitakuwa nimekata kitu cha maana bila kujua. Nimechoka kusubiri ua."

Akakata simu. Siku mbili baadaye akatuma ujumbe: Sawa. Lakini siku hiyo sitakuja.

Nilirudi kwenye ile ofisi ya ghorofa ya tatu nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa hata nimetunga jina la uongo, lenye mlio wa kisayansi. Kijana wa sweta la kijivu hakuwepo. Alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akimenya chungwa. Aliipitia fomu, akaigonga muhuri.

"Na hapa?" nikamwonyesha kwa kidole. "Jina la mti?"

"Hapo? Hapo huwa hatujazi."

Nilishika ukingo wa meza yake. Aliniuliza kama najisikia vibaya, akanipa kipande cha chungwa. Nilikila.

Wakataji walikuwa wawili, na msumeno wa petroli. Iliwachukua nusu siku. Walikata matawi kwanza, mikono wameifunika kwa magunia, kisha shina. Lilianguka walivyosema litaanguka, ila liliondoka na kamba yangu ya nguo. Waliponyamazisha msumeno nilikwenda nikainama juu ya kisiki. Ndani mti ulikuwa wa rangi ya njano, wenye harufu ya maharagwe mabichi. Niliutazama kitambo nikingoja nisikie kitu, furaha au majuto, na nilichosikia ni mgongo kuniuma.

Jikoni kulijaa mwanga. Kwa mara ya kwanza niliona masizi yaliyokuwa ukutani tangu enzi za mama, na mafuta yaliyoganda juu ya rafu. Nilisugua siku nzima. Siku ya pili nikagundua kwamba mti ule ulikuwa unalizuia jua la mchana. Kufikia saa saba jikoni kulikuwa kama tanuri. Maziwa yaliharibika kwenye sufuria. Mwanangu alicheza mpira nyuma ya nyumba kutwa nzima, na mimi nilipika nikitiririka jasho, nikimlaani baba, na dada, na mimi mwenyewe, bila mpangilio.

Dada alikuja Jumapili ya tatu. Hakwenda kwenye kiti chake. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akasimama dirishani akitazama mahali palipokuwa na mti.

"Kuna mwanga," alisema. Kisha, akijipepea kwa kiganja, "Na joto, lakini."

"Usianze."

"Sijaanza. Nasema kuna joto."

Alikwenda kwenye gari akarudi na leso kuukuu na misumari minne aliyoitoa sijui wapi. Tulipanda juu ya stuli mbili kuitundika kama pazia, kila mmoja upande wake wa dirisha, yeye akigonga kwa kisigino cha kiatu na mimi kwa mchi. Leso ilianguka mara mbili. Mara ya tatu ikashika, lakini imepinda.

"Upande wako umeshuka," alisema.

"Wako ndio uko juu."

"Wewe pandisha tu."

"Shusha wewe."